Uzi Usiolia

Chini ya jengo la ghorofa kumi na moja, Mtaa wa Selkirk,
Winnipeg, Januari, baridi ya kukata masikio,
nimepiga magoti mbele ya kasha la maungio
nahesabu nyuzi za kioo: mia mbili themanini na nane
ndani ya kebo isiyozidi kidole changu cha mwisho.

Zamani, asema Desjarlais, kebo ya namna hii
ilikuwa nene kama mkono wa mtoto
na ilikunjwa kwa adabu,
kona pana, kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani.
Ukizidisha, mwanga ulichuruzika.
Ukipitisha ile taa nyekundu ya kupimia,
pale penye kosa lako pakawaka,
kila mtu akaona,
ukaona haya, ukakunjua.

Huu mpya umechimbiwa mtaro.
Mtaro wa kioo hafifu, mwembamba kuliko wazo,
unaokizunguka kiini;
mwanga ukitaka kutoroka kwenye kona
unafika ukingoni, unarudishwa ndani.
Uzungushie kalamu: unapita.
Ubane kwa pini kwenye pembe ya mlango: unapita.
Siukufuru.
Bila huu, bomba la zamani lililokwisha shiba
lisingemeza uzi hata mmoja zaidi,
tungechimba barabara,
udongo ulioganda futi sita, mgumu kama reli.
Kebo inasinyaa kwa baridi, nyuzi zinabanana humo,
mwanga haujali.
Bi. Hrynchuk wa chumba 904 anamwona mjukuu wake aliye Lviv
hadi jino lililong'oka jana.

Lakini nisikilize.
Tuna koleo dogo la kuuliza.
Unaubana uzi, linaupinda kidogo,
mwanga unavuja tone, mshale unacheza:
huyu yu hai, usimkate.
Novemba nilibana. Mshale ukalala.
Nikabana tena. Ukalala.
Nikakata.

Juu, kwenye 904, mjukuu akaganda mdomo wazi
katikati ya neno "baba",
ambalo kwao ni bibi.

Uzi ulikuwa hai. Ulikuwa tu
umefundishwa kutotoa siri.

Desjarlais hakunigombeza.
Alinipeleka kwenye kisanduku cha Mtaa wa Salter,
kilichofungwa na mtu mwenye haraka,
ziada ya uzi imesokotwa duara la sarafu.
Vipimo vya siku ile: safi. Sahihi. Muhuri.
Miaka minne mwanga ulipita hapo bila kupungua,
na miaka hiyo hiyo kioo kilivutika upande wa nje,
ufa usioonekana ukinywa unyevu, ukirefuka,
hata usiku mmoja, hakuna aliyegusa,
ta.
"Mwanga hauumii," alisema, akipuliza vidole.
"Kioo ndicho kinachoumia.
Zamani viliumia pamoja."

Wa ofisini wameshaandika:
ganda lipunguzwe, nyuzi za kukaza zipunguzwe,
mafundi wafunzwe siku mbili badala ya tano,
kwa kuwa uzi unavumilia.
Neno hilo, unavumilia,
limenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Jioni mama anapiga kutoka Mpanda.
Hujambo?
Sijambo.
Kazi?
Nzuri.
Na hiyo baridi?
Nimezoea.
Maneno yanafika mazima, hakuna desibeli iliyodondoka njiani,
na yeye, aliyekuwa akiijua homa yangu
kwa kusikia tu nilivyovua viatu mlangoni,
anasema haya, mwanangu,
anakata.

Kesho narudi Salter
na kipande cha bomba chenye upana wa kikombe.
Nitaizungusha ziada polepole, kona pana,
kama uzi wa zamani, kama kwamba utalia.
Kwenye karatasi ya vipimo
tofauti haitaonekana.